Kusikia Hisia Kabla ya Kuitaja: Mwongozo Kamili kwa Mnasihi Anayejifunza

Mama anaingia, anakaa, anaweka sawa mtandio wake. Mnasihi ni binti wa miaka ishirini na sita, hivyo anaanza yeye: "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." "Habari za nyumbani?" "Salama tu." "Watoto hawajambo?" "Hawajambo, tunamshukuru Mungu." Kimya kidogo. "Mume wangu amefariki. Juzi ndiyo nimetoka eda."

Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo. Salama hutangulia hata msiba, ndivyo tulivyolelewa. Lakini kwa anayejifunza unasihi, nusu dakika hiyo ina somo kubwa. Neno la kwanza la mteja lilikuwa la adabu, la pili lilikuwa la tukio, na hisia yenyewe bado haijatajwa. Huenda ikachukua vikao viwili au vitatu kufika, na itakapofika haitakuja na jina ulilolisoma darasani.

Nimekuwa nikifanya kazi hii pwani ya Tanzania, na sasa ninawafundisha wanaoanza. Ninachokiona kila mwaka ni kilekile: wanafunzi wetu wanasoma vitabu vya Kiingereza, wanakariri orodha za hisia kwa Kiingereza, halafu wanakaa mbele ya mteja anayesema "roho yangu iko juu juu" na wanaanza kutafsiri kichwani. Wakimaliza kutafsiri, mteja keshaendelea na habari nyingine. Mwongozo huu ni wa kulifunza sikio lako kusikia hisia katika lugha ambayo mteja anaumia nayo. Huyo mama nitarudi kwake. Nimemtunga, kama mifano yote ya wateja humu, kwa sababu mambo ya mteja hayatoki chumbani hata kwa kubadilisha jina.

Kwanza, kwa nini kuitaja hisia

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1957 makala iliyobadilisha kazi hii. Alisema mtu hubadilika pale anapokutana na msikilizaji wa kweli, anayemheshimu bila masharti na anayeielewa dunia yake kutoka ndani, na mteja naye akaona kwamba ameeleweka. Hilo la mwisho ndilo wengi wanalisahau. Ukimwelewa mteja kimoyomoyo ukabaki kutikisa kichwa, yeye hana njia ya kujua. Kutaja hisia yake kwa sauti ndiko kunakomfikishia kwamba amesikika.

Kuna na upande wa ubongo. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake huko California waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa kwa mashine. Watu walipochagua neno la kuitaja hisia iliyo kwenye picha, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilipunguza kasi yake. Bibi zetu hawakuwa na mashine, lakini waliambiana "sema utue mzigo".

Na Afrika Mashariki tuna historia yetu katika jambo hili. Wengi wetu tuliingia kwenye unasihi kupitia mlango wa VVU. TASO, shirika la kuwasaidia watu wanaoishi na VVU, lilipoanzishwa Uganda mwaka 1987, dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijawafikia wagonjwa wa huko. Kusikilizwa na kutunzwa kulikuwa sehemu kubwa ya kile mgonjwa alichoweza kupewa. Walioifanya kazi ile walijifunza hisia za watu kwa lugha za watu, bila kusubiri kitabu.

Hatua ya kwanza: anza na zako

Kwa siku kumi na nne, mara tatu kwa siku, simama ulipo ujiulize: hapa nilipo, nina nini? Andika neno moja au mawili kwenye daftari. Maneno haya yamepigwa marufuku: poa, vizuri, vibaya, nimechoka, stresi, kawaida. Siku tatu za kwanza utakwama, na kukwama huko ni kuzuri, kwa sababu ndiko aliko mteja wako unapomuuliza "unajisikiaje?"

Chini ya neno andika mahali mwilini unapolisikia. Kooni? Tumboni? Mabegani? Siku ya nane hivi utaanza kugundua kwamba kile ulichokiita uchovu kila Jumatatu asubuhi ni woga wa mkutano, au ni unyonge wa mtu ambaye hakupongezwa.

Halafu jiulize swali gumu zaidi: nyumbani kwenu hisia ipi ilikatazwa? Kuna nyumba ambako mtoto wa kiume aliambiwa "mwanaume halii", na nyingine ambako binti akikasirika aliitwa hana adabu. Kuna nyumba furaha ikizidi watu wanaogopa, wanasema baada yake kuna kilio. Mnasihi aliyekatazwa hasira huisikia hasira ya mteja kama huzuni, kila mara, na kwa nia njema kabisa.

Hilo lilinipata; kisa nitakachokisimulia nimekitunga, lakini kosa lilikuwa langu kweli. Baba mmoja aliyepoteza kiwanja chake katika mgogoro wa familia alinisimulia kwa sauti ya chini sana, na mimi nikamwambia, "Baba, naona una huzuni nyingi." Akaitikia. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Nilipoisoma upya ripoti yangu na msimamizi wangu, mikono ya yule baba ilikuwa humo kwenye maandishi yangu mwenyewe: ngumi, ngumi, ngumi. Niliiandika na sikuiona. Kwetu hasira ilikuwa mwiko.

Hatua ya pili: jenga ghala la maneno

Vitabu vya nje vina michoro ya hisia. Mwanasaikolojia Robert Plutchik alichora gurudumu la hisia nane za msingi, kila moja ikianzia nyepesi hadi nzito. Wazo hilo la uzito lichukue, lina faida. Maneno yenyewe yachote kwenye Kiswahili, na uyapange kwa koo.

Ukoo wa hasira: kuudhika, kukereka, kukasirika, kuhamaki, kughadhibika. Kuna pia kinyongo na mfundo, ambazo ni hasira zilizokaa muda mrefu bila kutolewa. Mtu mwenye mfundo anaweza kukusimulia mambo ya mwaka 2009 kwa utulivu kabisa. Na uwe mwangalifu na kuchukia. Pwani na visiwani mtu akisema "nilichukia" mara nyingi ana maana alikasirika tu. Mnasihi wa kutoka bara akimrudishia "kwa hiyo unamchukia mama yako", ameharibu kikao.

Ukoo wa hofu: wasiwasi, mashaka, woga, hofu, kihoro. Wasiwasi haujui unachokiogopa. Hofu inakijua.

Ukoo wa huzuni ni mpana: masikitiko, huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ukiwa, upweke. Upweke unaweza kumpata mtu aliye kwenye nyumba yenye watu kumi na wawili. Ukiwa una harufu ya kuachwa. Sonona liweke kando. Siku hizi Tanzania ndilo jina la ugonjwa, na ugonjwa hauthibitishwi kwa kikao kimoja cha kuzungumza. Mteja akisema "nina sonona", muulize ikoje anapokuwa nayo.

Uchungu ni neno la kuchunga kuliko yote. Uchungu wa kufiwa, uchungu wa kuzaa, uchungu wa kudhulumiwa, uchungu wa mtu anayekipigania kitu chake. Neno moja linabeba huzuni, hasira na mapenzi kwa pamoja. Mteja akilitumia, lirudishe kama lilivyo, usilipasue haraka.

Sasa aibu, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayowaponyoka wanafunzi wangu kuliko hisia nyingine zote. Kiswahili kinatofautisha vizuri sana. Haya ni tunu: mtu mwenye haya amelelewa, na kumsifu mtu kwa haya zake ni kawaida. Soni iko jirani na haya. Aibu ni tukio, nimeonekana nisipotaka kuonekana. Fedheha ni aibu iliyofika sokoni, watu wanaijua. Izara ni kufedheheshwa kwa makusudi. Na hatia ni kitu kingine kabisa, maana anayesikia hatia anasema "nimefanya kosa", na anayeona aibu anasema "mimi ndiye kosa". Mwenye hatia mara nyingi anatamani kusema. Mwenye aibu anatamani ardhi ipasuke. Ukikosea kati ya hizi mbili utamhimiza azungumze mtu ambaye kwa sasa anahitaji tu usimkazie macho.

Usisahau koo za faraja: ahueni, tumaini, bashasha, fahari, shukrani. Wanasihi wengi wana maneno thelathini ya maumivu na mawili ya furaha, na wateja wao wakipata nafuu hawana wa kuisikia.

Zoezi: andika maneno arobaini kwenye vipande vya karatasi. Ukiwa na mwenzako, chukueni moja moja kila mmoja asimulie lini mara ya mwisho aliisikia hisia hiyo, bila kulitaja neno. Mwenzake akisie. Fanyeni hivyo mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja.

Hatua ya tatu: sikiliza kitenzi, kisha mwili

Katika Kiswahili hisia nyingi hutujia kama wageni au wavamizi. Hofu imeniingia. Hasira zimenipanda. Huzuni imenishika. Aibu naiona, uchungu nausikia. Kitenzi alichokichagua mteja kinakueleza uhusiano wake na hisia hiyo. Anayesema "hasira zinanipanda" bado anaziona zikija. Anayesema "hasira zimenitawala" keshashindwa kuzizuia. Ukimrudishia, tumia kitenzi chake. Akisema imemwingia, uliza ilimwingia lini, na wala usiseme "kwa hiyo wewe ni mwoga".

Mtego mkubwa upo kwenye "nahisi". Neno hili lina kazi mbili. "Nahisi baridi" ni hisia. "Nahisi mume wangu ana mtu mwingine" ni dhana, ni shaka, hata kama imevaa nguo ya hisia. Kila unaposikia "nahisi kwamba" au "nahisi kama", jua umepewa wazo. Hisia iko nyuma yake. Unaweza kusema: "Na wazo hilo linapokujia usiku, linakuja na nini?"

Kisha mwili. Wateja wetu wengi huanza mwilini, na huo ni usemi kamili wa lugha yetu. Roho mkononi. Roho juu juu. Moyo mzito. Tumbo joto. Kifua kimebana. Kichwa kinawaka. Miguu imeisha nguvu. Damu inanichemka. Amenikata maini. Jifunze kila mmoja unabeba nini katika eneo lako, maana maana huhama. Muulize mteja mwenyewe: "Roho inapokuwa juu juu, inangoja nini?" Swali hili limenifungulia milango mingi.

"Nina mawazo" inahitaji aya yake. Mwanafunzi akiisikia huuliza "mawazo gani?" na mteja hutoa orodha: ada, kodi, mtoto anayeumwa. Dakika ishirini zimekwisha na hisia haijaguswa. Mawazo hapa maana yake ni kulemewa, akili inayozunguka bila kutua. Ndugu zetu Washona wa Zimbabwe wana neno kama hilo, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha mpango wa Benchi la Urafiki huko Mbare, Harare, mwaka 2006, mabibi wa mtaani waliofundishwa kusikiliza walilitumia neno hilo hilo la watu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wateja wao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo mteja akisema ana mawazo, jaribu hivi: "Yanapozunguka hayo mawazo usiku, moyo unakuwaje?"

Tahadhari moja. Kichwa kinachowaka kinaweza kuwa malaria, kifua kinachobana kinaweza kuwa moyo, na presha ni presha. Muulize kama amepimwa. Usigeuze kila maumivu kuwa hisia.

Hatua ya nne: tazama, na unyamaze

Mwanasaikolojia Paul Ekman alikwenda kwa Wafore wa Papua New Guinea mwishoni mwa miaka ya 1960 na kusema nyuso za binadamu zinasomeka vilevile kila mahali. Baadaye wengine, akiwemo Lisa Feldman Barrett, wameonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo: uso mmoja unaweza kubeba mambo mengi, na mazingira ndiyo yanayoamua. Mimi niko upande huu wa pili, kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Kijana anayetazama chini mbele ya mtu mzima ana adabu. Usimwandikie aibu. Mama anayecheka anaposimulia kupigwa hafurahii. Mwanaume anayetazama simu kila mara huenda anaizuia koo isikabe.

Tafuta mabadiliko. Uso wenyewe haukuambii mengi, lakini uso uliobadilika unakuambia. Sauti ilikuwa kubwa ikashuka pale alipotaja jina la nani? Pumzi ilikatika wapi? Ncha ya kanga ilianza kusokotwa saa ngapi?

Na unyamaze. Eugene Gendlin, aliyefanya kazi na Rogers Chicago, aligundua kwamba wateja wanaofaidika ni wale wanaosita katikati ya sentensi, wanaotafuta neno la kitu ambacho bado hakijawa wazi ndani yao. Ukiingilia kusita huko, umemnyang'anya. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Kwa Waswahili kimya cha wageni wawili ni kizito, utatamani kukijaza na "pole". Vumilia.

Kuhusu pole: neno zuri sana, na ukilikosa utaonekana huna utu. Liseme mara moja, kwa dhati, mapema. Linapokuja mara ya nne au ya tano hufunga mlango, kwa sababu adabu inamtaka mteja ajibu "nimeshapoa". Vilevile "usilie", "jikaze", "yataisha", "mshukuru Mungu": msibani ni sawa, lakini chumbani kwako kila moja linamwambia mteja airudishe hisia alikoitoa.

Hatua ya tano: toa jina kama mtu anayetoa mkono

Sentensi nzuri ya kurudisha hisia ina sehemu tatu: kilango cha unyenyekevu, hisia, na sababu kwa maneno ya mteja mwenyewe. "Kama nimekusikia vizuri kaka, ilikuuma zaidi pale walipokaa kikao bila kukuita." Kilango ndicho kinachompa ruhusa ya kukukatalia. Vingine ni: labda, sijui kama ni hivyo, nisahihishe mama, ni kama vile.

Uzito ulingane. Mtu aliyeghadhibika ukimwambia "umekereka kidogo" atakusikia unamdharau. Aliyekereka ukimwambia "una ghadhabu" ataogopa. Usipokuwa na uhakika anza na neno jepesi zaidi, yeye ataliongeza.

Turudi kwa mama aliyetoka eda. Mume wake alipata kiharusi, akalala miaka mitatu. Mama alimlisha, alimwogesha, alimgeuza usiku. Anasema: "Watu wananiambia nina roho ngumu. Siku ya maziko sikulia. Mpaka leo sijalia."

Mwanafunzi anajibu: "Pole sana mama. Una huzuni nyingi, ndiyo maana machozi hayatoki." Mama anasema "ndiyo", na anaanza kueleza habari za shamba la mirathi.

"Ndiyo" hiyo ni ya heshima. Katika nchi zetu mteja hamkatalii mtaalamu, hata mtaalamu awe mdogo kuliko mwanawe wa mwisho. Kurukia habari za shamba ndiko kunakokwambia umekosa. Mwanafunzi, kwa bahati, analiona hilo. Anangoja shamba limalizike, halafu:

"Mama, nirudi nyuma kidogo. Miaka mitatu ulikuwa unaamka usiku kumgeuza. Sasa usiku unapita hakuna anayekuita. Sijui, labda nakosea, ni kama mwili wako umepumua kidogo, na huko kupumua kwenyewe kunakutisha."

Mama anamtazama. "Hilo silitamki mwanangu."

"Hulazimiki mama."

Kimya kirefu. Mtandio unavutwa. "Nililala. Usiku ule wa kwanza baada ya maziko nililala mpaka jua likatoka. Mke gani analala?"

"Ukaamka ukajiona umekosa."

"Nikajiona kama nimemuua."

Ona alichofanya. Hakutaja ahueni wala hatia moja kwa moja. Alizunguka kwa maneno ya mwili na ya usiku, kwa sababu neno ahueni kwa mama huyu lingekuwa kama tusi. Wakati mwingine jina sahihi ni sentensi nzima, na neno lenyewe anaachiwa mteja alitamke siku atakayoweza.

Hatua ya sita: tafuta iliyo chini

Leslie Greenberg, aliyefundisha na kufanya utafiti Toronto, anatofautisha hisia ya kwanza inayozaliwa na tukio na ile inayokuja kuifunika. Kwetu mpangilio unafuata jinsia na umri kwa kiasi kikubwa. Wanaume hufunika huzuni na hofu kwa hasira, kwa kuwa hasira ndiyo waliyoruhusiwa. Wanawake wengi hufunika hasira kwa machozi. Vijana hufunika aibu kwa "sijali".

Baba anayegombana na binti yake aliyepata mimba shuleni anaunguruma. Ukiitaja hasira tu, utapata kelele zaidi. Itaje kwanza, kwa sababu ipo na inastahili kusikika, kisha subiri. Inapopungua utasikia "nilimlipia mimi, kwa mikono hii". Hapo ndipo ilipo. Fedheha kwa majirani, na chini yake hofu kwamba mtoto atapotea. Usichimbe kwa haraka. Iliyo juu inaheshimiwa kabla ya iliyo chini.

Na zikiwa mbili kwa wakati mmoja, ziseme zote mbili ukiunganisha na "na". "Unampenda na amekuchosha." Ukiweka "lakini" mteja atasikia unamtaka achague.

Hatua ya saba: jua umepata au umekosa

Umepata kama pumzi inatoka, mabega yanashuka, anasema "hivyo hivyo!" au "eeh, umenisema", au analeta kitu kipya ambacho hakikuwepo. Umepata pia anapokukatalia kwa nguvu na kukupa neno lake: "Si hasira, ni uchungu." Shukuru na ulitumie neno hilo kuanzia hapo.

Umekosa kama unapata "ndiyo" kavu, "labda", au mteja anarudia kisa kilekile kwa maneno yaleyale. Anayerudia kisa anaamini hujasikia. Uliza: "Ningesemaje ili iwe sawa zaidi?"

Pale ambapo majina hayaji

Kuna watu ambao kweli hawana maneno ya hisia zao. Daktari Peter Sifneos aliipa hali hiyo jina la alekisithimia katika miaka ya 1970. Wengine wanayo maneno ila wamekaa kimya miaka mingi. Usimpe mtu wa namna hii orodha achague kama menyu. Mpe kipimo: "Jambo hili limejaa kiasi gani ndani, kikombe, ndoo au pipa?" Wavuvi, mama lishe, mafundi, wote wanaijua ndoo. Ukifika "ndoo imefurika" mmeanza kuzungumza hisia bila kuitaja.

Aliyetoka kwenye ukatili mkubwa usimfungulie kila kitu kikao cha kwanza. Akianza kutetemeka, kupotea macho au kufa ganzi, acha kutaja hisia. Mrudishe chumbani: miguu iko sakafuni, hapa ni wapi, leo siku gani. Kisha mtafutie mtaalamu mwenye uzoefu wa majeraha hayo.

Na sikiliza kauli hizi kwa masikio yote: "Nimechoka na maisha." "Bora nipumzike." "Nawawazia watoto nitawaacha na nani." "Mtanikumbuka." Hapo haitoshi kurudisha hisia. Uliza waziwazi, kwa upole: "Mama, umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, utafiti umelionyesha hili mara nyingi, na wengi hupumua wanapoulizwa. Watu wetu huzungumza kwa mafumbo hapa kwa sababu ya dini, ya aibu, na ya sheria pia. Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu imeandika kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Mteja anayeogopa polisi hatakuambia mpaka umhakikishie uko upande wake. Uliza kama ana njia na mpango, usimwache peke yake, shirikisha mtu anayemwamini, na mpeleke hospitali yenye huduma ya afya ya akili siku hiyo hiyo.

Mazoezi ya kila wiki

Kaeni watatu: msemaji, mnasihi, mwangalizi. Dakika kumi. Mnasihi haruhusiwi kuuliza swali lolote, anarudisha tu. Mwangalizi anaandika kila neno la hisia lililotajwa na kila lililopita bila kuokotwa. Badilishaneni.

Mara moja kwa mwezi, kwa idhini ya mteja iliyoandikwa, rekodi kikao na uandike dakika kumi zake neno kwa neno, pamoja na "mmh" na vimya. Ni kazi ya kuchosha, inachukua saa mbili hivi, na hakuna kitu kingine kilichonifundisha kama hiki. Mpelekee msimamizi wako kipande ulichoona aibu zaidi, kile kizuri kiache nyumbani. Ukishamaliza, futa rekodi.

Katika faili la mteja, andika hisia kwa maneno yake, ndani ya alama za kunukuu. Ukiandika "mteja ana huzuni" mwenzako atakayelisoma baada ya miezi sita hatajua kitu. Katika faili la mama wa eda, kikao cha nne, chini ya tarehe, mwanafunzi aliandika mstari mmoja: "Nilipata ahueni, mwanangu, na nilimpenda." Kisha akaandika kwamba mteja alilia kwa mara ya kwanza, kama dakika sita, na kwamba mnasihi alinyamaza.